Mamo Wolde: alishinda marathon kwa miaka 36, akapata medali ingine kwa miaka 40

Katika vyumba vya PlayStation hapa Kindu, kuanzia Kasuku paka Alunguli ng'ambo ya mto, vijana wanaijua sheria moja ya mupira wa kwenye runinga. Ukimununua mchezaji wa miaka 18, kila musimu namba zake zinapanda. Akifika miaka 27 ao 28, zinasimama. Akipita 31 ao 32, zinaanza kushuka: mbio kwanza, kisha nguvu, kisha kila kitu. Kijana anayejua kucheza anamuuza muzee huyo mapema, mbele bei haijaanguka.

Ni jeu tu, wengine watasema. Lakini sheria hiyo imetoka kwenye runinga, imeingia uwanjani. Tunawasikia vijana wa miaka 22 wakisema wamechelewa. Tunawaona makocha wakimwacha mchezaji wa miaka 29 bila kumpima. Na tunawajua wale wanaopunguza miaka kwenye karatasi juu ya kuogopa namba hiyo. Njo maana leo tunaleta maisha ya mutu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye mwili wake ulifuata njia ingine: Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyefariki mwaka 2002. Maisha yake yanagusa pia historia ya inchi yetu, kama mutakavyoona.

Swali lilianzia mbali

Wamarekani ndio waliotangulia kutafuta hesabu ya namna mchezaji anavyokua na anavyozeeka. Wao wanapenda mchezo unaoitwa baseball, ambamo mutu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu na mwingine anaupiga kwa fimbo. Kila tendo la mchezo huo linaandikwa kwa namba tangu zamani. Kwa sababu hiyo wakatunga michezo ya kuiga baseball mezani, kwa kadi na dadu. Mmoja unaojulikana sana, Strat-O-Matic, ulianza mwaka 1961. Baadaye michezo ya namna hiyo ikahamia kwenye kompyuta, na mutu akaweza kuongoza ekipe yake miaka 20 ao 30 mfululizo.

Hapo shida ikatokea. Kama jeu inaendelea miaka mingi, wachezaji lazima wazeeke. Lakini wazeeke namna gani? Wapenda hesabu walipochungua daftari za zamani, waliona kwamba wapigaji wengi wanafika kilele karibu na miaka 27. Wenye kutengeneza michezo wakaichukua ile hesabu, wakaifanya sheria.

Lakini hesabu ya watu wengi haisemi habari ya mutu mmoja. Wamarekani wenyewe walikuwa na Satchel Paige, mrushaji mweusi aliyezaliwa mwaka 1906. Ubaguzi wa rangi ulimfungia mlango wa ligi kubwa kwa miaka mingi. Aliingia huko mwaka 1948, akiwa na miaka 42, na bado aliweza kuwashinda vijana. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alirusha mpira tena katika mchezo mmoja wa ligi hiyo. Ukimuweka Paige kwenye jeu yenye sheria kali ya umri, anastaafu mbele hajaanza.

Afrika Mashariki ina mutu wake wa namna hiyo. Yeye hakurusha mpira, alikimbia.

Kijana wa Shewa, askari wa mfalme

Mamo Wolde alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 katika mkoa wa Shewa, si mbali sana na Addis Ababa, kwenye milima ya Ethiopia. Mwaka 1951 aliingia katika kikosi cha walinzi wa mfalme Haile Selassie. Kwa kijana wa kijijini wa wakati ule, kikosi hicho kilikuwa kazi, chakula na mshahara. Kilikuwa pia mahali pa michezo: askari walikimbia, walipimwa, na wenye kipaji walionekana.

Kisha akatumwa mbali. Ethiopia ilikuwa imetoa askari kwa jeshi la Umoja wa Mataifa huko Korea, na Mamo alikuwa kule kati ya 1953 na 1955. Aliporudi alikuwa na miaka 23. Kwa sheria ya PlayStation, hapo mchezaji anapaswa kuwa amekwisha kujulikana. Mamo hakuwa amejulikana na mutu yeyote inje ya kambi.

Mwaka 1956 Ethiopia ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, Australia. Mamo alikuwemo. Alikimbia meta 800, meta 1,500, na mbio za kupokezana za mara nne meta 400. Hakupita duru ya kwanza katika mbio hata moja. Alikuwa na miaka 24, umri ambao wakimbiaji wa meta 800 wanakuwa karibu na kilele chao. Mutu aliyekuwa na daftari mkononi angeandika kwamba huyu ni askari mwenye bidii, lakini si bingwa, na asingetegemea kitu tena kwake.

Daftari hilo lingekosea kwa sababu moja. Lilimpima Mamo katika mbio zisizokuwa zake.

Mwaka 1960: kati ya Roma na Congo

Mwaka 1960 unajulikana na kila Mcongomani. Tarehe 30 Juni tulipata uhuru. Siku chache baadaye fujo ilianza, na mwezi wa Julai Umoja wa Mataifa ukatuma askari wake. Ethiopia ilikuwa kati ya inchi za kwanza kujibu, na askari wake wengi waliwekwa upande wa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kwa jirani zetu wa chini ya mto.

Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, kulikuwa Michezo ya Olimpiki huko Roma. Mamo alikuwa na miaka 28. Kufuatana na maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe baadaye, serikali ilitaka aende Congo pamoja na askari wa kulinda amani, na kamati ya Olimpiki ya inchi yake ilitaka aende Roma kukimbia. Pande mbili zilivutana. Mwisho wake, Mamo hakwenda Congo wala Roma.

Huko Roma, mwenzake wa kikosi kimoja, Abebe Bikila, alikimbia marathon bila viatu usiku wa tarehe 10 Septemba, akashinda kwa rekodi ya dunia. Abebe na Mamo walizaliwa mwaka mmoja, 1932. Mmoja akawa jina la Afrika nzima. Mwingine akabaki kambini.

Sisi wa Kindu tunajua kazi hiyo ya Umoja wa Mataifa ilivyoweza kumalizika. Mwezi wa Novemba 1961, Waitalia 13 wa jeshi la anga, waliokuwa wakihudumu chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa kwetu. Hakuna anayeweza kusema maisha ya Mamo yangekuwaje kama angekuja Congo. Ila tunaona jambo moja: katika hesabu ya mchezaji, kuna miaka ambayo haipotei juu ya mwili. Inapotea juu ya vita, juu ya ofisi, juu ya wakubwa wasiosikilizana. Jeu haina namba ya jambo hilo. Wachezaji wetu wa mashariki ya Congo wanaijua vizuri miaka ya namna hiyo.

Mwili haushuki wote pamoja

Katika miaka ya 1960 Mamo alibadilisha mbio. Aliacha zile fupi, akaingia katika mbio za nyika, meta 10,000, na mwisho marathon, ambayo ni kilometa 42 na meta 195. Walinzi wa mfalme walikuwa na kocha Msweden mwenye asili ya Finland, Onni Niskanen, aliyemfundisha pia Abebe.

Hapa tusimame kidogo juu ya mwili wenyewe, sababu ndipo wengi wanapokosea.

Mwili wa mchezaji una misuli ya mwendo wa haraka na misuli ya kuvumilia. Ile ya haraka, inayompa mutu kurusha mguu kwa ghafla, inaanza kupungua mapema, wakati ile ya kuvumilia inakaa zaidi. Moyo pia unabadilika: mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia yanashuka polepole, karibu pigo moja kwa mwaka ao pungufu kidogo. Uwezo wa mwili wa kutumia hewa unaweza kushuka karibu asilimia 10 kwa kila miaka 10 baada ya miaka 30 kwa mutu asiyefanya mazoezi. Kwa yule anayeendelea na mazoezi makali, unashuka kwa mwendo mdogo zaidi.

Lakini kuna vitu vingine vinavyoendelea kupanda. Mutu aliyekimbia miaka 15 anajifunza kutumia nguvu kidogo kwa kila hatua. Anajua mwendo wa kuanza nao ili asikatike mbele ya mwisho. Anajua kumsoma mwenzake, kama amechoka kweli ao anajifanya. Katika mbio za sekunde chache elimu hiyo haisaidii sana, lakini katika mbio za saa mbili ni mali kubwa.

Kwa hiyo, mwili wa mchezaji una namba nyingi, na kila namba ina saa yake. Jeu nzuri inazitenganisha, jeu mbaya inazishusha zote siku moja. Na kocha ni vilevile.

Mwaka 1964, huko Tokyo, Mamo akiwa na miaka 32, alimaliza wa nne katika meta 10,000. Hakupata medali, lakini yule aliyetolewa duru ya kwanza Melbourne sasa alikuwa kati ya wanne bora duniani. Siku chache baadaye aliingia marathon pia, akashindwa kumaliza. Abebe alishinda tena, ingawa alikuwa amepasuliwa tumbo wiki chache mbele ya hapo. Kwa mara ya pili Mamo alirudi nyumbani nyuma ya jina la rafiki yake.

Miaka 32, bila medali, na marathon moja isiyomalizika. Ni wangapi kati yetu wangemwachia nafasi tena?

Mexico: wiki moja, mafundisho mawili

Michezo ya 1968 ilifanyika Mexico, katika muji ulio juu ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na wakimbiaji wengi wa inchi za chini waliteseka. Waethiopia na Wakenya wa milimani walikuwa wamezoea. Mamo alikuwa na miaka 36.

Tarehe 13 Oktoba ilikuwa meta 10,000. Mwisho wake, Mamo alibaki akipigana na Naftali Temu wa Kenya, kijana wa miaka 23, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Mamo alivuta mbele katika zamu ya mwisho. Temu alimfuata, akampita karibu na mstari. Temu alitumia dakika 29 na sekunde 27.4. Mamo alitumia dakika 29 na sekunde 28.0. Tofauti ilikuwa sekunde 0.6, baada ya kilometa 10. Temu aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki, na Mamo alipata fedha.

Hapo mutu wa hesabu angesema sheria imetimia: katika mbio za mwisho za haraka, miguu ya miaka 23 imeshinda miguu ya miaka 36. Na angekuwa na haki.

Lakini tarehe 20 Oktoba, wiki moja tu baadaye, ilikuwa marathon. Abebe Bikila aliingia akitafuta ushindi wa tatu, lakini mguu wake ulikuwa mgonjwa. Baada ya karibu kilometa 17 alitoka. Inasimuliwa kwamba mbele ya kutoka alimuarifu Mamo kuwa yeye hataweza, na kwamba kazi ya kuishindia Ethiopia imebaki mikononi mwake.

Mamo hakuharakisha kwa kiburi. Alikaa na kundi, akasubiri, kisha katika sehemu ya mwisho akaenda peke yake. Temu naye alikuwa katika mbio hiyo. Miguu ile ile ya haraka iliyomshinda Mamo wiki iliyopita ilimaliza ya 19. Mamo alifika kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa pili, Kenji Kimihara wa Japani, alifika zaidi ya dakika 3 nyuma yake. Ethiopia ikawa imeshinda marathon ya Olimpiki mara tatu mfululizo: 1960, 1964 na 1968.

Angalieni wiki hiyo moja. Mutu ni yule yule, umri ni ule ule, uwanja ni ule ule, na mpinzani ni yule yule. Kwenye mbio moja alionekana muzee. Kwenye ingine alionekana bingwa asiyegusika. Umri wake haukubadilika kati ya tarehe 13 na tarehe 20. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa.

Munich: jibu kwa wenye mashaka

Wengine walisema ni juu ya hewa ya Mexico. Mamo alizaliwa milimani, basi alipata faida. Kuna ukweli ndani ya neno hilo, na hatuwezi kulitupa. Lakini miaka minne baadaye Michezo ilikwenda Munich, Ujerumani, muji ulio karibu meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakiko mbali na cha Kindu yetu. Huko hakukuwa tena na faida ya mlima.

Mamo alikuwa na miaka 40. Alimaliza wa tatu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 8, yaani zaidi ya dakika 5 haraka kuliko siku aliyoshinda Mexico. Aliyeshinda, Frank Shorter wa Marekani, alikuwa na miaka 24. Wa pili, Karel Lismont wa Ubelgiji, alikuwa na miaka 23. Wa nne, karibu nusu dakika nyuma ya Mamo, alikuwa Mmarekani Kenny Moore, wa miaka 28. Mushike jina hilo la Moore, tutarudi kwake. Mamo mwenyewe alilalamikia viatu alivyopewa kuvaa, kwamba havikumfaa mguuni.

Mwaka 1973 alishinda tena marathon, katika Michezo ya Afrika huko Lagos, Nigeria. Alikuwa bado na miaka 40. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule, Abebe Bikila alifariki. Alikuwa amepata ajali ya gari mwaka 1969 iliyomfanya asitembee tena. Rafiki wawili wa umri mmoja: mmoja alifika kilele kwa miaka 28, mwingine kwa miaka 36. Hakuna sheria moja ingeweza kuwabeba wote wawili.

Tuseme pia, Mamo hayuko peke yake. Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathon ya Olimpiki mwaka 1984 akiwa na miaka 37. Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda ile ya michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akiwa na miaka 36, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia huko Berlin.

Miaka ya gereza

Maisha ya Mamo hayakumalizika kwa medali, na si haki kuyasimulia nusu.

Mwaka 1974 jeshi lilimwangusha Haile Selassie. Utawala uliofuata, chini ya Mengistu Haile Mariam, uliua watu wengi sana, zaidi katika miaka ya 1977 na 1978, kipindi ambacho Waethiopia wanakiita ugaidi mwekundu. Mengistu aliangushwa mwaka 1991, na serikali mpya ikaanza kuwakamata waliotuhumiwa. Mamo alikuwa mmoja wao. Alishitakiwa kwamba alishiriki katika kuuawa kwa kijana mmoja wakati ule. Alikubali kwamba alikuwepo mahali pale, lakini alikana kwamba yeye ndiye aliyeua.

Alikaa gerezani karibu miaka 9, na sehemu kubwa ya wakati huo ilipita bila hukumu. Hapo ndipo Kenny Moore anaporudi. Yule aliyekimbia nyuma ya mgongo wa Mamo huko Munich alikuwa sasa mwandishi wa habari. Alisafiri paka Addis Ababa, na mwaka 1995 akaandika habari ya mshindani wake wa zamani. Watu wa Olimpiki wakaanza kuomba Mamo ahukumiwe ao aachiliwe. Mambo yalikwenda polepole.

Mwanzoni mwa 2002 mahakama ilimkuta na hatia, ikamhukumu miaka 6. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa zaidi ya muda huo, aliachiliwa. Tarehe 26 Mei 2002 alifariki kwa kansa ya ini, miezi michache tu baada ya kutoka. Alibakiza siku chache kufika miaka 70.

Familia ya kijana aliyeuawa ilikuwa na haki ya kupata ukweli. Mamo naye alikuwa na haki ya kuhukumiwa kwa wakati. Haki iliyochelewa miaka 9 haikumpa vizuri upande wowote. Kwa sisi wa inchi ambamo watu wanaweza kukaa gerezani muda mrefu mbele ya kusomewa hukumu, neno hilo si la kigeni.

Maisha hayo yanatufundisha nini hapa

Tukitoa mafundisho kwa ajili ya vijana, makocha na wazazi wa Maniema, tunaona manne.

La kwanza: kabla ya kusema mchezaji amezeeka, uliza amezeeka kwa kazi gani. Winga wa miaka 31 aliyepoteza mbio anaweza kuwa beki wa kati mzuri ao kiungo wa kupanga mchezo. Mamo hakuwa na mwili wa pekee kuliko watu wote. Alihama kutoka mbio ambazo mwili wake ulikuwa unakataa, akaenda kwenye zile ambazo ulikuwa unakubali. AS Maniema Union imekwisha kufika paka kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, musimu wa 2024-2025. Ekipe ya kiwango hicho haiwezi kuishi kwa miguu ya vijana tu. Inahitaji pia vichwa vya wazee.

La pili: tuache kupunguza miaka. Wengi wanaona ni ujanja wa kumsaidia mtoto. Kumbe ni kumuharibia hesabu. Kijana wa miaka 19 aliyeandikwa 16 anawashinda watoto kwa nguvu tu, na kila mutu anasema ana kipaji. Akifika kwa watu wazima, nguvu hiyo inakuwa ya kawaida, na hakujifunza kitu kingine. Kocha naye anangoja akue, wakati amekwisha kukua zamani. Tena mtego upo: tangu Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17 la mwaka 2009, FIFA inatumia mashine ya kupiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono ili kuwatambua waliopita umri. Mutu anayesema miaka yake ya kweli, kama 21, bado ana wakati. Mamo kwa miaka 24 alikuwa bado hajapata kitu.

La tatu: kukua kunataka chakula na mahali. Mamo hakusubiriwa miaka 12, kati ya Melbourne na Mexico, kwa sababu ya bahati tu. Alikuwa na mshahara wa askari, alikuwa na kocha, alikuwa na wenzake wa kukimbia nao kila asubuhi. Kijana wetu anayefanya mazoezi bila kula, akiendesha pikipiki ya abiria siku nzima kisha akija uwanjani jioni, atashuka mapema, na tutasema ni umri. Hapana, si umri. Ni njaa na uchovu. Kama wakubwa wa michezo wa mkoa wanataka mabingwa, waanze kuhesabu sahani mbele ya kuhesabu miaka.

La nne ni la ukweli, ili mutu asidanganyike. Umri upo. Si kila mutu wa miaka 36 ni Mamo, na wengi wanaosimama kwa miaka 32 wanasimama juu mwili umekataa kweli. Ile hesabu ya Wamarekani haikutungwa kwa uongo. Inasema namna wengi wanavyokwenda. Kosa ni kuichukua hesabu ya wengi, kumbandika nayo mutu mmoja, na kumfungia mlango mbele hujamwona akikimbia.

Kwa hiyo vijana, chezeni PlayStation yenu, muuze na mununue munavyotaka. Lakini uwanjani, mchezaji si namba kwenye kioo. Mumupime kwa saa, kwa mpira na kwa jasho, mara mbili, mara tatu, na katika kazi zaidi ya moja, mbele ya kumwambia arudi nyumbani.